Methali ilivyotaka kumrudisha mwanafunzi wangu kwao

Wakuu, heshima mbele.

Hili limenikuta mwenyewe hapa Mtwara, sijaongeza chumvi hata ya kuchovyea muhogo.

Nafundisha wageni Kiswahili. Chuo fulani kikaniletea Mkorea, tumwite Min, kwa field ya mwezi mmoja. Kibali chake cha kusoma tu. Kazi marufuku.

Nikampeleka kijijini Ziwani kwa mama yangu akazoee lugha. Wiki hiyo tulikuwa tumesoma methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Sikumwambia kuwa ni utani. (Na kwetu si utani sana.)

Siku ya tatu jamaa kaamka, kampa mama shikamoo yake, kaomba jembe. Mama alifurahi kuliko siku niliyograduate mimi. Akamwonyesha shamba la mihogo.

Sasa siku hiyo afisa uhamiaji alikuwa kijijini na mtendaji, wanakagua wageni. Mnajua tena huku mpakani.

Akamkuta Min anapalilia.

"Habari za kazi?"

"Nzuri," akajibu, kama nilivyomfundisha.

"Nani kakupa?"

"Mama."

"Anakulipa nini?"

"Ugali na kisamvu."

Mwajiri kapatikana, mshahara umepatikana.

Tukaitwa ofisini, mimi na yeye. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa wiki inayofuata. Akirudishwa kwao, mwaka mzima umekwenda na maji. Wakuu, niliogopa kweli.

Nikaeleza habari ya methali. Afisa akanijibu:

"Mwalimu, methali siyo permit."

Akampa Min karatasi aandike maelezo. Nikaomba kimoyomoyo Kiswahili chake kiwe kibovu, wasielewe kitu.

Akashusha ukurasa mzima, ngeli zote zimekaa sawa: "Jembe nililopewa ni la mama. Methali niliyofundishwa ni ya mwalimu. Mimi nilitii."

Afisa akacheka mpaka akavua miwani. Akampa onyo la mdomo, akamwambia akafanye mtihani wake.

Kisha akanisogezea mimi karatasi. Nikaandika nusu ukurasa.

Akasoma, akasema ya mwanafunzi ni nzuri zaidi.

Funzo: ukipokea mgeni wa lugha, soma kibali chake kabla hujamfundisha methali.

Nilipomweleza mama kwamba Min haruhusiwi tena shambani, sheria inakataza, aliniuliza, "Sheria gani hiyo, mwanangu, ya kula bila kulima?"

Mwenye jibu adondoshe hapa chini, nimpelekee mama.