Pijo, Beetle na Kilima cha Kianda

Nina gereji ndogo Kawangware, na kwa miaka mingi nilibishana na mzee mmoja, jirani mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, kuhusu magari yetu mawili. Langu ni Pijo 504, lile refu la kubeba familia, nililorithi kwa baba. Lake ni Beetle, kile kigari kidogo cha mviringo. Nilipenda kumchapa kwa hesabu: injini yangu ni lita mbili, nguvu za farasi tisini na kitu, yako ni cc elfu moja mia tatu, haifikishi hata hamsini.

Yeye alicheka tu. "Lakini injini yangu iko nyuma," alisema. "Imekalia magurudumu yanayosukuma."

Mchana mmoja wa mvua shemeji alinipigia simu kutoka mtaa wa Kianda, kule bondeni. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Anatoka damu," alisema. "Kwa bodaboda hawezi kukaa. Kuja haraka!"

Mzee alikuwa pale gereji, nimetoka kumsafishia kabureta. Alininyooshea funguo. "Enda na yangu. Kule ni matope, na Pijo ikiwa tupu nyuma ni nyepesi, itateleza."

"Atalala wapi, mzee? Kwa hiyo yako atakunjwa kama nguo."

Nikaenda na Pijo. Kwenye lami ilipaa. Tulimlaza dada nyuma, tukaanza kupanda kurudi barabara ya Olympic. Katikati ya kilima magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Nilikanyaga mafuta, yakachimba. Majirani walisukuma mpaka wakaanguka kwa magoti, na ile nguvu yote niliyojivunia ikawa inawarushia tope usoni.

"Kaka," dada aliniita kwa sauti ndogo. "Tumefika?"

Nilimpigia mzee nikilia. Alikuja mwenyewe, na miaka yake sabini na kitu, akatupita kwa upenyo wa kiganja, akageuza gari kule chini, akarudi na kusimama ubavuni mwetu. Tulimkunja dada kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe. Beetle ikanguruma gia ya kwanza, ikayumba mara mbili, ikapanda.

Niliwafuata kwa bodaboda. Mlinzi wa hospitali alinizuia getini, akasema mumewe aliyeingia naye anatosha, nikasimama hapo kwenye mvua nikiomba Mungu anisamehe.

Dada alipona. Mtoto, msichana, hakupona.

Kesho yake niliingia wodini nikijua nitaulizwa kwa nini sikumsikiza mzee. Dada hakuuliza hilo. Alinishika mkono.

"Alilia?" aliuliza. "Mimi walikuwa wamenidunga sindano ya usingizi. Mtoto alilia, hata kidogo?"

Shemeji aligeukia dirisha. Nikasema sijui, mimi nilikuwa nje. Ilikuwa kweli, lakini dada aliendelea kuniangalia, hakuuachilia mkono wangu.