Ua la Mama Ndani ya Chumba Kilichofungwa

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa sina hakika kama nitaieleza vizuri. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mama alikuwa amefariki kule Kilungu, na nilichobaki nacho ni ua lake la majani mekundu, kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nikaja nalo Kitui mjini, nikapanga chumba kimoja, nikapata kazi ya kushona. Sikuwa na mtu. Jioni nililisalimia kabla ya kuvua viatu.

Likaanza kufa. Majani yakapauka, shina likarefuka kama shingo ya mtu anayechungulia. Kuliweka nje sikuthubutu, mbuzi wa pale walikuwa hawaachi kitu. Nikaongeza maji, nikaongeza samadi, hali ikazidi.

Jirani yangu Bi Zuhura, mama mzee aliyeuza maandazi, akaniuliza linapata jua kiasi gani kwa siku. Nikamwambia ni jingi, dirisha linaangalia mashariki, Jumapili nikiwa nyumbani chumba chote ni mwanga.

"Sikukuuliza Jumapili," akasema. "Ukienda kazini, dirisha hulifungi?"

Nililifunga, ndiyo. Lilikuwa la mbao, na wezi walikuwepo.

"Basi kesho omba ruhusa. Funga kila kitu kama siku zote, ukae humo ndani nalo. Jua likigusa sakafu, lipigie chaki. Ndipo uje uniambie jingi."

Nikakaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uzi mmoja wa jua ulipenya kwenye ufa wa mbao, ukatambaa sakafuni, nami nikaufuata kwa chaki. Haukulifikia kopo, na kabla ya adhana ya adhuhuri ulikuwa umekwisha. Nje watu walipita wakicheka. Hakuna aliyepiga hodi. Nililia, na sijui kama nilililia ua au nilijililia mwenyewe.

Bi Zuhura alisema tu, "Jua lake umelipima kwa saa zako wewe." Tukaita fundi akapigilia wavu wa chuma dirishani, mbao zikawa zinabaki wazi mchana. Ua likapona, ingawa sitakudanganya, upande mmoja ulikauka kabisa.

Mwanangu, watoto wangu wa kuzaa huja Krismasi, nyumba ikajaa kelele, wakarudi Nairobi wakisema Mama yuko sawa. Hawasemi uongo; siku hiyo huwa niko sawa. Hata mimi niliishi mbali na mama yangu, nikamjua wa sikukuu tu. Kwa hivyo, kama una mtu uliyemwacha nyumbani, usimpime kwa siku unazokuwa naye. Nenda siku ya katikati ya wiki, bila kutangaza, uketi naye mpaka jioni. Labda utakuta yuko sawa, nami niliogopa bure. Mungu akutangulie njiani, na akifika kabla yako, akae naye.