Dari ya Kumbikumbi

Siku ile naikumbuka kwa mlio wake, mwanangu. Mti ulipasuka, paa!, na baa nzima ikabaki tupu.

Nilikuwa kijana, fundi wa mbao kutoka Kasongo. Mama Josefina, mjane aliyeishi Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa ameuza shamba la muhogo aliloachiwa na mumewe ili afungue baa. Akaniambia, "Baba, pamba vizuri. Watu wasipokuja, sina pa kurudi."

Nikawaza: wateja wake ni wachimba dhahabu, basi niwaheshimu kwa kuonyesha kazi yao. Nikashusha dari, nikapaka kuta rangi ya udongo mwekundu, nikasimamisha miti mibichi yenye maganda, kama ile inayozuia shimo lisiporomoke. Lo, nilijiona bingwa! Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Siku ya kufungua, jioni baada ya mvua, walikuja wengi. Mmoja akachungulia mlangoni. "Fundi, mu shimo tunaingiaka kila siku bure. Sasa weye unataka tununue na pombe ndani?" Wakacheka wote, wakaketi. Ila niliona kwamba kila aliyekunywa alitupia dari jicho.

Ndipo mti mmoja, uliokuwa ukikauka, ukapasuka. Meza zikapinduka, chupa zikabiringika, na kufumba na kufumbua wanaume wote wako nje. Shimoni, mwanangu, mti ukilia hakuna anayengoja kuuliza. Anayengoja hufukiwa.

Mama Josefina alisimama kati ya vipande vya chupa, mikono kichwani. Sikuweza kumtazama.

Papa Amisi, mzee kuliko wachimbaji wote pale, akanishika mkono. "Mutoto, sikukasirikii. Shimo ilikula mudogo wangu, ndiyo maana nimekimbia. Lakini kuja, angalia."

Uani, kwenye kitundu cha ardhi iliyolowa, kumbikumbi walikuwa wakitoka. Mmoja, kisha wachache, kisha wingu zima, wakipanda ndani ya mwanga wa mwisho wa jua, mabawa yao yakiwaka kuliko dhahabu yoyote niliyopata kuiona. Nilikuwa nimewaona tangu utotoni, nikiwafukuza na bakuli ili niwale kwa chumvi tu. Jioni ile niliwatazama kwa mara ya kwanza. Wale wanaume waliokimbia walisimama, na mmoja akavua kofia.

"Nao wanatoka mu shimo," Papa Amisi akasema polepole. "Lakini angalia fasi wanaenda, kule juu."

Kesho yake niliing'oa miti yote. Nikainua paa, nikafungua ukuta wa upande wa machweo, nikatundika darini vipande vyembamba vya mianzi vilivyochongwa kama mabawa. Wachimbaji wenyewe walikuja kunisaidia kuchonga, wakinitania kwamba fundi wa shimo sasa amekuwa fundi wa mbingu. Upepo ulipopita, dari ilitetemeka. Jua lilipozama, iliwaka.

Papa Amisi aliingia, akatazama juu. Kisha akaita: "Mama Josefina, kiti! Mimi naikala hapa mpaka utanifukuza."

Mwanangu, wewe unayepamba baa leo kwa picha za kwenye simu, si vibaya. Ila kwanza muulize mgeni wako anatoka wapi, usije ukamrudisha huko. Kisha toka nje, utazame mvua, majani na wadudu bila haraka, mpaka kimojawapo kikuonyeshe mgeni wako anakotamani kwenda. Ukikosea, ng'oa, anza tena.

Mungu akupe macho yasiyochoka kustaajabu, na kila atakayeketi chini ya dari yako ainuke akiwa mwepesi.