Mkalimani Aliyempamba Mgeni

Kwa miaka ishirini na miwili, kila mhubiri aliyekuja kanisani kwao bila kujua Kiswahili alisimama upande wa kulia wa mimbari, na upande wa kushoto akasimama mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani, mwalimu wa lugha ya kigeni katika shule ya sekondari. Watu walimwita Kipaza. Wanakwaya ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hata umeme ukikatika sauti yake ilifika hadi mlango wa nyuma, naye hakulichukia. Kilichomuudhi ni watu wazima na akili zao kumuuliza kama mkalimani naye anaamini yale anayoyasema.

"Mimi ni bomba tu," alikuwa akiwajibu. "Maji si yangu."

Alikuwa anajidanganya mchana kweupe. Bomba halisahihishi maji, na Kipaza alisahihisha kila kitu. Kila wiki madaftari mia na arobaini yalipita mezani kwake, na baada ya miaka mingi ya kalamu nyekundu mkono wake haukuweza tena kupita penye kosa ukaliacha. Mimbarini mambo yalikuwa yale yale. Mhubiri akikosea namba ya mstari, Kipaza alitaja iliyo sahihi. Akijisifu kupita kiasi, nusu ya sifa ilidondoka njiani. Akileta mzaha usiochekesha, Kipaza alisimulia wa kwake, watu wakacheka, na mgeni akarudi kwao akiamini kwamba yeye ni mcheshi. Alifanya hivyo kwa kumheshimu mgeni na kwa kuwaonea huruma wasikilizaji. Tena, tuseme ukweli, alipenda kusifiwa. Ibada ikiisha watu walimshika mkono yeye kwanza, mhubiri baadaye.

Ndipo akaja yule waliyemwita Mtumishi. Alikuja na viatu vyeupe na masanduku manne, kuendesha semina ya siku saba, kila siku alasiri. Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake wa tangu zamani: mwalimu mgeni hapewi mimbari ya wiki nzima kabla wazee wa kanisa hawajampima. Jumatatu, siku ya kwanza, wazee walikaa benchi la mbele, Biblia wazi mapajani, wakifuata kila mstari anaoutaja. Wasiporidhika, mgeni hushukuriwa kwa upole na kuagwa. Mwenyekiti wao alikuwa Seremala, mtu aliyeweka penseli nyuma ya sikio hata Jumapili, na katika miaka yake alikwisha kuwaaga watatu.

Jumatatu hiyo Mtumishi alitaja sura ya sitini ya kitabu cha nabii ambacho kinaishia hamsini na mbili. Kipaza, bila kupepesa jicho, alitaja kitabu kingine, kile chenye sura ya sitini na chenye maneno yanayofanana na hayo. Mtumishi akampa mtume mmoja waraka ulioandikwa na mwingine. Kipaza akaurudisha kwa mwenyewe. Mtumishi akasema kwamba yeye akiingia chumbani malaika husimama. Kipaza akasema, "Mungu amenitendea mema mengi." Seremala alifunua, akakuta, akatia alama kwa penseli, akafunua tena.

"Huyu mtu ana Biblia nzima kichwani," alisema nje baada ya kipindi.

Kipaza alikuwa anakunywa chai na alicheka kimoyomoyo. Alijiona fundi.

Jumatano kukawa na ndoo nyekundu mbele ya mimbari. Mtumishi alifundisha kwamba amepewa ufunuo mpya, ambao mitume hawakuujua: anayeendelea kushika vidonge hajamshika Mungu, na aliye na imani aje avitupe ndoani. Hapo hapakuwa na namba ya kusahihisha wala jina la kubadilisha. Kipaza alishtuka. Alimtazama mchungaji wao, akamkuta amefumba macho, anaomba. Mtumishi alikuwa amenyamaza, anamsubiri, na kanisa zima linasubiri. Basi akasema. Tena akalisema vizuri, kama alivyosema kila kitu, likatoka limenyooka na lina mdundo wake, watu wakainuka kwenye viti. Moyoni alijikumbusha kwamba yeye ni bomba tu. Mtu aliyehangaika Jumatatu nzima kunyoosha namba za sura alikuja kuwa bomba siku ile ile ambayo bomba lilipaswa kuziba.

Mstari wa watu ulikuwa mrefu na yeye alishughulika na kutafsiri maombi, kwa hiyo hakuona ni nani na nani waliokwenda kwenye ndoo.

Ijumaa asubuhi, akiwa anafunga viatu aende shuleni, alimsikia mama yake akitembea ukumbini kwa kupapasa ukuta. Mama alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa akimeza vidonge vya presha, kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kukosa. Kipaza alifungua kabati la vyombo na kutoa kikopo. Kilikuwa kitupu.

"Mama, vidonge viko wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya kanisani. Si ulituambia tuvitie?"

"Mama, siyo mimi niliyesema. Ni yule mgeni."

"Mgeni siijui lugha yake," mama alisema, akikaa taratibu na kushika kichwa. "Kwangu mimi alikuwa anabwabwaja tu. Niliyemsikia ni wewe. Miaka yote hii hujawahi kunidanganya ukiwa pale mbele. Ndiyo uanze Jumatano?"

Kipaza alipandwa na hasira. Alimkasirikia mgeni na viatu vyake, mchungaji na macho yake ya kufumba, na mama mwenyewe, mwanamke aliyekataa kuambiwa na mtu yeyote jinsi ya kupika maharage lakini akakubali kutupa dawa. Aliyemkasirikia zaidi ya wote hakutaka kumtaja.

Kwenye zahanati muuguzi alipima mara mbili, kama asiyeamini mashine yake. "Huyu ni wa nne kutoka kanisani kwenu tangu jana," alisema. "Mnafanya nini huko?" Akaleta pakiti mpya na bilauri ya maji. "Bibi, meza kimoja hapa hapa nikuone."

Mama akaitia pakiti kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Nitameza huyu akitengua," alisema. "Alisema mbele za watu, atengue mbele za watu."

"Nimetengua, Mama. Natengua sasa hivi. Muuguzi huyu hapa shahidi."

"Muuguzi si mkutano. Siwezi kuitii sauti yako kanisani, halafu nije niivunje hapa kwenye kiti cha plastiki."

Walimbembeleza nusu saa nzima. Kipaza alisihi, akafoka, akanuna, na hakufua dafu. Muuguzi akamvuta pembeni. "Kwa namba hizi, dada, sikuahidi hata siku mbili. Mshipa wa kichwa hausubiri semina iishe. Fanya unachojua kufanya."

Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Alimkuta ofisini, na Seremala yuko mlangoni amepiga magoti, anarekebisha bawaba. Mchungaji alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa aina ile ya kumwona mgeni shati linaungua na kungoja kwanza amalize chai. Kipaza alieleza yote, naye akamsikiliza kwa huruma na kukunja mikono mezani.

"Dada, jambo hili tuliombee."

"Mchungaji, mama yangu anatembea kwa kupapasa ukuta."

"Mgeni amebakiza siku hizi mbili tatu tu. Tukimwaibisha sasa, watu watatuelewaje? Na wazee walimpima."

"Tulimpima kweli," Seremala alisema kutoka mlangoni. "Kila mstari alioutaja niliufungua na nikaukuta."

"Uliyoikuta nilikutajia mimi," Kipaza alisema.

Ikabidi aeleze, na kueleza kulimwia vigumu kuliko alivyodhani. Alisema habari za sura ya sitini, za waraka na mwandishi wake, za malaika. Seremala aliweka bisibisi chini, akakaa juu ya sanduku la vifaa.

"Yaani Jumatatu tulikupima wewe."

"Mlinipima mimi. Nikafaulu."

"Kwa nini ulifanya hivyo, mwanangu?"

"Nilidhani ni adabu."

Seremala alitoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akairudisha. Alionekana amechoka. "Basi leo mlete kama alivyo," alisema. "Usimpunguzie, usimwongezee. Sisi tutakaa benchi la mbele tena." Mchungaji alisema ataomba. Hakuna aliyemzuia.

Alasiri ile Kipaza alimkalisha mama yake safu ya tatu, mkoba mapajani, halafu akapanda kusimama mahali pake. Mtumishi alimpa tabasamu. Hakuwa na sababu ya kumshuku, kwani tangu afike mwanamke huyu alikuwa amemletea makofi tu.

Alianza na kile kitabu chake cha nabii, sura ya sitini. Kipaza akakitaja vile vile. Kurasa zikapekuliwa kanisa zima, kisha zikanyamaza.

"Kinaishia hamsini na mbili," alisema mzee mmoja wa benchi la mbele.

"Najua," Kipaza alisema kwenye kipaza sauti. "Lakini ndivyo alivyosema."

Mtumishi akaendelea. Akaja na malaika wanaosimama, na leo wakasimama kweli kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. Mtu mmoja akaguna. Akasema kwamba aliyofunuliwa yeye yanazidi yaliyoandikwa na mitume, na Kipaza akayatoa hivyo hivyo, hayana kionjo, hayana mdundo, mithili ya viazi visivyotiwa chumvi. Vicheko vikaanza huku na huko. Mtumishi alidhani watu wamechangamka, akapandisha sauti. Seremala alikuwa ameacha kufunua kurasa; alimtazama tu, penseli mkononi.

Ndipo Mtumishi akaielekea ile ndoo, akaipiga teke dogo la mapenzi, akasema neno la Jumatano, kisha akanyamaza kumsubiri mkalimani.

Kipaza hakulitafsiri. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Amesema tena habari za kutupa dawa," alisema. "Hilo silitafsiri. Jumatano nililitafsiri, tena nikalipamba, nikijua si kweli. Mmoja wa walioandika injili alikuwa tabibu, na hakuna aliyemwambia atupe mkoba wake. Jumatatu nilirekebisha makosa ya mtu huyu ndiyo maana wazee hawakuyaona. Kosa ni langu, naomba mnisamehe. Mama yangu yuko pale safu ya tatu. Mama, anayesema sasa ni mimi. Si yeye, ni mimi mwanao. Nilikosea. Meza dawa."

Zipu ya mkoba ikasikika kanisa zima ikifunguliwa. Mama aliomba maji kwa mhudumu wa mlangoni, akangoja yaletwe bila haraka yoyote, akatoa kidonge, akakimeza, akainua kidogo bilauri ili mwanawe aone.

Mtumishi alikuwa hajaelewa hata neno moja. Aliona watu wameguswa, wengine wanalia, na bibi kizee anakunywa maji kwa utulivu. Akainua mikono yote miwili na kusema neno pekee la huku alilolijua. "Amina," alisema. "Amina."

Seremala alipanda mimbarini, akampa mkono, akamshukuru kwa safari yake ndefu na kumwambia kwamba semina imekwisha. Hayo Kipaza aliyatafsiri yote, neno kwa neno.

Msifikiri kwamba wote walimpongeza. Mama mmoja alimwambia kwamba amemharibia muujiza wake, na hakurudi tena katika kanisa lile. Mchungaji alikaa wiki mbili akimsalimia kwa kichwa tu. Na ile ndoo ilikuwa balaa la peke yake, maana watu waliizunguka wakitafuta vidonge vyao, vyeupe kwa vyeupe, na hakuna aliyejua kipi ni cha moyo na kipi ni cha sukari, mpaka muuguzi akaja mwenyewe kuichukua na kuwapanga foleni upya, akiwasema njia nzima.

Jumapili baada ya ibada, presha ikiwa imeanza kushuka, mama alikaa jikoni akimtazama binti yake akiosha vikombe.

"Huko kuwanyoosha wageni," aliuliza, "kulianza lini?"

"Tangu mwanzo, Mama."

"Wote?"

"Karibu wote."

Mama alianza kuwahesabu kwa vidole. "Yule wa ndevu aliyetuvunja mbavu?"

"Mizaha ilikuwa yangu."

"Na yule mzee aliyehubiri kwenye mazishi ya baba yako?"

Kipaza alizima maji. "Yule sikumgusa," alisema. "Yale yalikuwa yake yote."

Mama alitikisa kichwa polepole, kisha akasogeza kikombe chake mezani ili nacho kioshwe.

"Basi sikiliza," alisema. "Mtu akija ananuka, mlete akinuka hivyo hivyo. Pua tunazo."