Kuahirisha Toleo la Tatu

Ofisi yetu ilikuwa Migosi, mtaa mmoja wa Kisumu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa watu wanne tukitengeneza mfumo endeshi, yaani ile programu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta na kuzibeba nyingine zote. Wetu ulikuwa wa kompyuta kuukuu za shule zilizo kando ya ziwa, mashine ambazo mifumo ya kisasa ilizilemea.

Toleo la tatu lilikuwa litoke shule zikifunguliwa. Mwenzangu tuliyeanzisha naye kampuni, mwanamke wa familia ya Kihindi iliyokaa Kisumu vizazi kadhaa, ndiye aliyezungumza na shule. Alikuwa amewaalika walimu wakuu, amekodi ukumbi, ameagiza hadi sambusa. Mimi nilisimamia ufundi, na neno la mwisho kuhusu toleo kutoka au kutotoka lilikuwa langu.

Siku chache kabla ya uzinduzi, stima ilipotea tukiwa katikati ya majaribio. Iliporudi, kompyuta ziliwaka vizuri, lakini katika baadhi yake kazi tuliyokuwa tumeihifadhi ilikuwa ukurasa mtupu. Tukarudia kwa makusudi, tukichomoa waya. Mara kazi ilibaki, mara ilipotea. Hatukujua kwa nini.

Mwenzangu alitaka tutoe hivyo hivyo, marekebisho yafuate. Hoja yake ilikuwa na uzito: tatizo halikutokea kila mara, toleo la zamani nalo lilikuwa na kasoro zake, na walimu wakishavunjwa moyo hawarudi. Mimi mwenyewe nilitamani kumkubalia. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kuona kazi yetu ikitumika. Lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti. Marekebisho yangepelekwa kwa mkono, shule baada ya shule, hadi Usenge, mbali ufukweni, na kabla hatujafika kote mwalimu fulani angeshaandika mtihani wa darasa zima, akaona neno "imehifadhiwa", akaamini.

Nikamwambia hatutoi.

Alichukua simu yake. "Sawa. Nitawapigia mimi," akasema. "Lakini wewe ukae hapa usikie."

Alianza na yule tuliyemwogopa zaidi, mwalimu mkuu wa shule moja huko Seme, mama asiyekuwa na subira na ahadi za watu wa mjini. Mwenzangu aliweka simu kwa spika, akaeleza bila kuficha: kuna hitilafu, inakula kazi za watu, chanzo hatujakijua, na hatuwezi kuahidi siku. Upande wa pili tulisikia kuku tu.

"Ni hilo tu?" mwalimu akauliza hatimaye.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akamwita kwa Kijaluo nyathina, yaani mwanangu, kwa sauti ya upole ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Nilipoona simu yako nilidhani mmefunga kampuni. Tengenezeni kwanza. Huku stima inapotea kila siku."

Mwenzangu akakata simu, akaweka paji la uso mezani, akacheka hadi mabega yakatikisika. Mimi nilikaa chini. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimesimama muda wote huo.

Si wote waliokuwa wapole. Mmoja alitulaumu kwa kirefu, na mwingine alidai barua rasmi. Hakuna aliyejitoa. Mpango wa ukumbi tuliufuta, ila sambusa zilikuja vilevile, tukazila mpaka tukazichoka.

Hitilafu tuliipata baadaye: mfumo ulitangaza kwamba kazi imehifadhiwa kabla haijaandikwa kwenye diski. Ilikuwa mistari michache tu ya msimbo. Tulipoisahihisha tulichomoa waya tena na tena mpaka soketi ikalegea, na kazi ikabaki palepale.

Toleo lilitoka katikati ya muhula, bila hotuba. Tulilipeleka Seme wenyewe, tukapewa chai na viazi vitamu. Wakati wa kurudi mwenzangu alilala garini mdomo wazi, na sikumwamsha hadi tulipofika Kondele, mjini.