Udongo Begani mwa Pashk

Tangu Drande aolewe bondeni Shala, mgongo wake haukujua kupumzika. Shamba la chini, lile la mahindi lenye mijozi ukingoni, lilikuwa la shemeji yake Pashk. Siku anahamia Tirana, mji mkuu, Pashk alimshika mkono kaka yake Mhill, mume wa Drande, akasema, "Chukua, kaka, ni lako. Mimi sirudi." Drande alikuwepo, akiwamiminia rakia, pombe kali ya matunda. Hakuna kilichoandikwa, huku ndugu kudaiana karatasi ni kutukanana.

Wakajenga humo nyumba. Drande akaokota mawe, akalima, akazika mume. Kisha watalii wakaanza kumiminika milimani, na Pashk naye akakumbuka kwao. Alitaka kujenga hoteli. Shamba, alisema, alimwazima tu marehemu.

Wazee wakaketi. Kwa mila zao kiapo cha mwanamke hakihesabiwi, kwa hiyo Drande alisikilizwa kwa adabu tu, basi. Binti yake alikuwa amempatia wakili mjini na majirani walio tayari kutoa ushahidi, akamsihi asubiri mahakama. Drande hakutaka kusikia. Yeye aliijua dawa. Mtu akiapa uongo juu ya mpaka, na udongo wa shamba begani, ataubeba hadi ahera, nani angethubutu?

"Abebe," akawaambia wazee. "Akibeba, nahama."

Mzee Nikolla, mkubwa wao, akamkazia macho. "Drande binti yangu, ukishasema hivyo hakuna mahakama tena. Una hakika?"

"Shemeji yangu namjua. Hawezi."

Maskini, alimjua Pashk wa zamani.

Pashk alivua koti. Akawekewa begani jiwe na bonge la udongo mbichi, akazunguka shamba kuanzia kwenye mijozi hadi mtoni, huku akiapa kwa sauti kavu ya mtu anayesoma risiti. Hata hakujikwaa. Wazee wakavua kofia, wakatazama chini. Yakaisha.

Kisha akaja mlangoni, mikono imejaa tope. "Shemeji, nipatie maji ninawe."

Aliyefika mlangoni kwako akiomba maji humnyimi, hata kama ndiye aliyemuua mwanao. Drande akaleta birika na taulo, akammiminia. Udongo ukamtoka Pashk vidoleni, ukapotelea kwenye changarawe. Mikono ilitakata, lakini Drande hakuacha kumimina, mpaka birika likakauka.