Miaka Yangu ya Kupokea Mpira

Mpira wa wavu nilijifunza shuleni Kigoma, kwenye uwanja wa udongo mwekundu uliokuwa ukinichubua viwiko kila siku. Nilifika Ibra, Oman, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kijana wa miaka kumi na tisa na begi moja. Joto nilikuwa nimeambiwa. Ukimya hakuna aliyeniambia. Nyumba ya ami yangu, mdogo wake baba, ilikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma, na baada ya sala ya adhuhuri huoni mtu njiani mpaka alasiri. Kwetu wakati huo ndio watu wanatembeleana.

Baba na mama walibaki Kigoma na duka lao. "Tangulia wewe," baba aliniambia stesheni, siku nilipopanda treni. "Ukishatulia tutakuja." Kila mwaka palikuwa na sababu ya kutokuja, na zote zilikuwa za kweli.

Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani. Niliweza kusoma sura nzima bila kukosea, lakini mezani sikuweza kuomba chumvi. Mke wa ami, aliyezaliwa Bukoba, alizungumza nami Kiswahili tukiwa jikoni. Watoto wake walitusikiliza na kujibu kwa Kiarabu. Ami alikuwa mtu wa kazi, anarudi amechoka, anauliza, "Umekula?" Nikisema nimekula, mazungumzo yamekwisha.

Alasiri moja nilisikia sauti ya mpira ukipigwa kwa kiganja. Sauti ile huwezi kuichanganya na nyingine. Niliifuata hadi kwenye kiwanja cha klabu, nikasimama kwenye waya. Kocha alikuwa Mtunisia mwenye mvi na filimbi ya shaba. Siku ya tatu akanikuta nimesimama palepale.

"Unacheza?" akauliza.

"Nacheza."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akacheka bila ubaya. "Mfupi wewe. Wavu utauona kwa chini."

Lakini aliniweka nyuma ya uwanja na akaanza kunipigia mipira mikali, mmoja baada ya mwingine, kulia, kushoto, mbele ya miguu. Yote niliinua. Udongo wa Kigoma ulikuwa umenifundisha kutoogopa kuanguka. Mwishoni alisimama akihema.

"Mikono unayo," akasema. "Urefu Mungu hakukupa. Sasa nikufanye nini?"

Hakujua, na mimi sikujua. Akaniandikisha, nikakaa benchi kwa miaka mingi. Nilikuwa naingizwa tukiwa tumeshashinda, au tumeshashindwa kabisa. Wenzangu waliniita Mzanzibari ingawa Unguja sijaikanyaga hata leo. Mwanzoni niliwasahihisha. Nikawaeleza ziwa, treni, Tabora. Wakasikiliza kwa adabu, na kesho yake wakaniita Mzanzibari. Nikaacha.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini kocha alirudi kutoka Maskati na karatasi za kanuni mpya. Alitukalisha chini, akaeleza kwamba sasa kila timu inaruhusiwa kuwa na mchezaji mmoja wa kupokea tu. Anaitwa libero. Anaingia na kutoka nyuma ya uwanja bila kuhesabiwa kama mabadiliko. Haruhusiwi kuanzisha mpira, wala kuruka kuzuia, wala kuupiga ukiwa juu ya wavu. Na ili mwamuzi amtambue, atavaa jezi ya rangi tofauti na wenzake.

Alipofika hapo akaniangalia mimi. Wote wakageuka.

"Urefu haumhusu huyu," kocha akasema.

Wenzangu walivaa kijani. Mimi nilipewa ya njano. Siku ile niliikunja na kuilaza chini ya mto kama mtoto aliyenunuliwa nguo za Idi, na nilikuwa mtu wa miaka ishirini na sita.

Mechi yangu ya kwanza kuanza nayo ilikuwa Sur. Ukumbi ulijaa, watu wa pale wanapenda mpira wa wavu na hawamwonei mgeni haya. Mpira wa kwanza uliletwa kwangu kwa makusudi, ili kunijaribu. Nikaupokea, ukaenda mikononi mwa mpangaji wetu, yule anayewainulia wapigaji, kama umewekwa. Wa pili hivyohivyo. Kufika seti ya tatu wakawa wananikwepa, na mtu anayepokea akikwepwa ndiyo sifa yake. Tukashinda.

Kesho yake niliingia kibanda cha simu na kadi yangu, nikapiga dukani kwa jirani yake baba, wakaenda kumwita.

"Shikamoo baba. Jana nimecheza tangu mwanzo. Tumeshinda!"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi. Umefunga ngapi?"

"Sijafunga. Mimi sifungi."

Nikasikia baiskeli ikipita kule Kigoma, kengele yake ikilia.

"Basi utafunga siku nyingine," akasema. "Usivunjike moyo."

Kadi ikaisha kabla sijaeleza. Na nilipoeleza safari nyingine, na nyingine, haikusaidia. Baba alikuwa mtu wa mpira wa miguu. Kwake aliyecheza vizuri ni aliyefunga, na ukimwambia kuna mchezaji ambaye sheria inamkataza kufunga, anadhani umemficha kitu.

Baada ya misimu mitatu klabu moja ya Nizwa ikanitaka. Walinitafutia na kazi, ukarani kwenye ofisi ya maji, asubuhi tu. Watu wa Ibra waliniaga vizuri. Mke wa ami alinifungia sambusa kwenye karatasi na akalia kidogo, akaona aibu, akaniambia niende kabla jua halijawa kali.

Nizwa nilipanga chumba juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi ofisini, alasiri mazoezini, halafu hakuna. Wenzangu wa timu walikuwa na mama zao, wake zao, mashamba ya mitende ya babu zao. Wakitoka mazoezini kila mmoja anajua taa ipi ni ya kwao. Mimi nilikuwa natembea taratibu ili nichelewe kufika. Siku za Ijumaa nilikwenda kwenye mnada wa mbuzi, sinunui, nasimama tu kwenye duara wakati mbuzi wanazungushwa na watu wanaitana bei. Mzee mmoja alinizoea, akawa ananisogezea nafasi bila kusema neno. Kwa miezi kadhaa yule alikuwa ndiye mtu wangu wa karibu, na jina lake sikulijua.

Nilicheza vizuri kuliko wakati wowote. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya uwanja watu watano wananitegemea, ninapiga kelele "Yangu!" kwa Kiswahili, na wameshazoea, wananipisha. Nje ya mistari ile hakuna aliyehitaji kunipisha wala kunipa njia.

Nikaitwa kambi ya timu ya taifa. Sikumwambia mtu, niliomba likizo ofisini nikasema nina shughuli Maskati. Nilikaa siku tisa. Siku ya tisa orodha ikabandikwa mlangoni, na nikaisoma mara mbili kutoka juu, kisha mara moja kutoka chini. Nikapanda basi la Nizwa. Njiani abiria mwenzangu aliniuliza natoka wapi na begi kubwa vile, nikamwambia natoka kumtazama mgonjwa. Kwa kuwa sikumuaga mtu, hapakuwa na wa kumwambia nimerudi.

Mwaka uliofuata mama alifariki. Habari ilinifikia ameshazikwa. Nilipokea simu ofisini, nikakaa, nikamaliza kuandika barua niliyokuwa naiandika, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Alasiri nikaenda mazoezini. Kocha wa Nizwa, Mmisri mnene mwenye sauti nzito, aliona mipira inanipita, akanifokea. Sikumwambia sababu.

Kifo hicho ndicho kilichomleta baba. Miezi michache baada ya msiba alikwenda umra, na wakati wa kurudi akapitia Oman. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka kumi. Uwanja wa ndege nilimpita mara ya kwanza. Nilikuwa namtafuta mtu mrefu.

Alikaa nami wiki tatu pale juu ya fundi. Alifua shuka zangu nikiwa kazini, alipika wali na maharage, alifanya urafiki na yule fundi kwa Kiarabu chake cha kitabu. Nilianza kutembea haraka kutoka mazoezini. Wiki ya pili tulikuwa na mechi nyumbani, nikamkalisha safu ya mbele.

Sijawahi kucheza kama siku ile. Nilifukuzia mpira mmoja hadi nje ya uwanja, nikaurudisha kwa ngumi nikiwa chini, na ukumbi mzima ukasimama. Tulishinda seti tatu mfululizo. Nilimfuata baba nikiwa na jasho, nikasubiri.

"Mbona wewe peke yako umevaa nguo nyingine?" akauliza.

"Ndiyo kanuni, baba. Nilikueleza kwenye simu."

"Na kila mara wanakutoa. Unacheza kidogo, wanakutoa, anaingia mwingine. Nimehesabu."

"Ndivyo mchezo ulivyo."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi si mtoto. Wamekutenga kwa sababu umetoka kwetu."

Nilimweleza njia nzima hadi nyumbani. Nilichora uwanja kwenye karatasi. Alitazama mchoro kama mtu anayetazama hati ya polisi.

Kesho yake nikiwa ofisini, alivaa kanzu yake ya sala, akaenda kumtafuta kocha klabuni. Nilijua nilipofika mazoezini na kuwakuta wenzangu wanacheka. Mmoja, mzuiaji wetu wa kati, akanivulia jezi yake na kunipa kwa mikono miwili. "Chukua, ya wenzako. Baba yako ameomba."

Nilirudi nyumbani nimewaka. Baba alikuwa anachambua mchele kwenye sinia.

"Umenidhalilisha," nikamwambia. "Nimejenga jina langu hapa miaka yote hii peke yangu, na wewe umekuja kulibomoa siku moja. Hujui chochote kuhusu maisha yangu."

Aliendelea kuchambua, akitoa vijiwe na kuviweka pembeni ya sinia. Kisha akasema, "Kweli. Sijui." Siku zilizobaki tulizungumza mambo ya safari tu: begi, tiketi, saa ngapi tutoke. Uwanja wa ndege nilimbusu mkono, akaniwekea mwingine kichwani, akaenda.

Ilipita kama miezi miwili. Tulikuwa tunakunja wavu baada ya mazoezi, mimi na kocha tu.

"Mzee wako hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo. Unisamehe kwa yale, kocha. Hakuelewa mchezo."

Yule Mmisri akasimama na kamba mkononi. "Unajua alichoniambia? Hakuja kugomba. Aliniambia, huyu kijana hana mama tena. Kama amefanya kosa hapa, mimi baba yake ndiye sikumlea vizuri, niadhibu mimi, naye mvalishe kama wenzake." Akaendelea kukunja wavu. "Mimi sikujua kama umefiwa. Ungeniambia."

Nilipiga simu Kigoma jioni ileile. Wakati huo baba alikuwa na simu yake ya mkononi. Nilitaka kuomba radhi, lakini kabla sijaanza akaniuliza kama nimekula, kama bado nakohoa, kama fundi hajambo. Nikamjibu yote. Mwisho nikasema, "Baba, nilikosa adabu." Akasema, "Yameshapita hayo, mwanangu," kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango ili upepo usiingie. Sijui hata leo kama aliwahi kuamini kwamba ile jezi ilikuwa heshima. Tulizungumza kila Ijumaa tangu siku ile mpaka alipofariki, na mpira hatukuutaja tena.

Goti langu la kulia liliharibika msimu mmoja baada ya simu ile. Halikuharibika kwenye mechi, bali kwenye mazoezi ya kawaida, nilipogeuka kuchukua mpira usio na maana yoyote. Daktari alisema naweza kutembea, naweza kusali nimekaa kitini kwa muda. Klabu ilinifanyia hafla ndogo na kunipa ngao ya mbao. Mtangazaji alitaka kusoma niliyoyafanya, akakuta kwenye karatasi idadi ya michezo niliyocheza tu, maana upokeaji hakuna aliyekuwa anauandika wakati huo. Akasema, "Alikuwa mtu wa kutegemewa," na watu wakapiga makofi. Nilirudi na ngao yangu chumbani, nikaiegemeza ukutani juu ya friji, nikachemsha chai.

Baadaye ofisi ilinihamishia Sur, na huko nikaoa, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanawaoza watoto wao. Mke wangu ni mtu mwema na ananisikiliza. Lakini nikianza habari za zamani naona natafuta Kiarabu cha maneno ambayo kwangu yako kwa Kiswahili, na nikiyapata yameshapoa.

Wakati mwingine nikienda Ibra kumwona ami, ambaye sasa ni mzee sana, napita Al Kamil alasiri. Nyuma ya gereji pale vibarua wa Kihindi wamefunga wavu kwenye nguzo mbili za chuma, wanacheza wakiwa na suruali za kazi. Siku moja niliegesha gari nikawatazama. Mmoja akaniita kwa mkono niingie. Nikavua viatu, nikakunja kanzu, nikasimama nyuma, kona ya kushoto. Tulicheza mpaka adhana ya magharibi, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mpira ulipokuja upande wangu walinipisha. Kisha wakaenda kunawa kwenye bomba, nami nikakaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi, nikingoja goti litulie kabla ya kukanyaga klachi.